Muhiba na Ramadhani Iliyomtetemesha Mahmud

Bi Muhiba binti Salim wa Majengo, kule Pumwani, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kuutafutia dawa, nao ni kuuliza. Akinunua mchicha atauliza umelimwa wapi. Akiambiwa umelimwa kando ya mto, atataka kujua ni upande gani wa mto, na maji ya upande huo yanapita wapi kabla ya kufika shambani. Muuza mchicha akimwona kwa mbali alianza kupanga majibu kabla hajamaliza kupanga mafungu. Wala Muhiba hakuwa wa kulaumiwa. Mtaa ule ulijaa watu waliojua kila kitu bila kuuliza, na hao ndio waliokaribia kumuua ndugu yake.

Nyumba aliyokaa aliachiwa na mama yao, mwanamke wa Malindi aliyefika Nairobi ungali mji wa mabati na matope. Bibi huyo alijenga vyumba sita vya udongo, akaezeka kwa madebe yaliyonyooshwa, na kabla hajafa akaiandikisha nyumba kwa jina la binti, maana alimjua vyema mwanawe wa kiume. Muhiba alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, hana mtoto. Alikaa chumba cha mbele, akapangisha vinne, na cha sita akampa huyo mwana wa kiume, Mahmud, mdogo wake kwa miaka minane. Ndiye mtu pekee wa damu yake aliyebaki duniani.

Mahmud alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani, mbele ya macho ya wapita njia, na kwa darizi ya shingo ya kanzu hakuna aliyemfikia kuanzia Pumwani mpaka Eastleigh. Alikuwa pia akipiga maji. Hilo nalo lilijulikana kuanzia Pumwani mpaka Eastleigh, ila kwa kuwa alikuwa mpole, hapigani wala hatukani, watu walimsema chini chini tu na kuendelea kumletea vitambaa.

Kilichomkera Muhiba kwa miaka mingi ni mikono ya ndugu yake. Watu wote wanajua kwamba pombe humtetemesha mtu. Lakini Muhiba alikuwa akitazama, na alichokiona kilikuwa kinyume. Asubuhi, kabla Mahmud hajatoka, mikono ilitetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Kisha Mahmud angeaga kwamba anakwenda kununua vifungo. Akirudi, bila vifungo, mikono ilikuwa imetulia tuli na uzi unaingia mara moja. Muhiba alimwuliza Phelister, mke wa mpangaji wake wa chumba cha tatu, inakuwaje kitu kinachomtetemesha mtu kiwe ndicho kinachomtuliza. Phelister, mama mcheshi kutoka Kisumu, alisema hajui, lakini baba yake mzazi alikuwa hivyo hivyo na ugoro.

Mwezi wa Shaabani, mwaka wa 1957, ilisomwa hitima ya mama yao pale nyumbani. Mahmud alikuja kachelewa, macho mekundu, akatafuta pa kukaa, akakalia sinia la halua. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Mwalimu Aweys, aliyeongoza kisomo, aliendelea na dua huku wanawake wakimpangusa Mahmud kanzu.

Kesho yake asubuhi alimjia dada yake jikoni, akasimama mlangoni.

"Dada, Ramadhani hii naacha. Mchana na usiku."

Muhiba alifurahi hata akasahau kuuliza. Mwanamke aliyeweza kuhoji fungu la mchicha aliyaacha maneno hayo mawili, na usiku, yampite bila kuyasimamisha. Alimshika ndugu yake mkono, akamwombea dua, akarudi kwenye kitunguu chake.

Siku za mwisho za Shaabani ni za vunja jungu. Watu wenye akili zao hupika, hualikana na kutembeleana, wakijifurahisha kabla mwezi wa saumu haujaingia. Mahmud na rafiki yake Jumbe, muuza makaa mwenye mkokoteni, walikuwa na namna yao ya kulivunja jungu hilo, na mwaka huo walilivunja siku sita mfululizo. Usiku mwezi ulipoandama, Mahmud alirudi nyumbani, akaoga, akavaa kanzu safi, akalala. Hakugusa tena.

Siku ya kwanza alitoka jasho. Masika yalikuwa yameanza, Nairobi ni baridi ya mablanketi mawili, naye kanzu imemganda mgongoni. Daku lake lote alilitapika. Watu wa barazani wakasema ni saumu ya kwanza hiyo, ataizoea. Muhiba alijiuliza mbona miaka mingine haikumfanya hivyo, akaona labda ni umri.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, Mahmud alianguka pamoja na kiti chake. Macho yaligeuka, meno yakakazana, miguu ikapigapiga sakafu. Muhiba alimwekea kanga chini ya kichwa na kuanza kusoma Alhamdu, akaisoma mara tatu kabla miguu haijatulia. Mahmud alipofumbua macho hakujua yuko wapi. Dada yake alimletea maji kwenye kikombe, naye akakisukuma.

"Nimefunga," akasema.

Siku ya tatu alianza kuokota nyuzi. Alikaa kitandani akivuta kitu kutoka kwenye shuka, kimoja kimoja, kwa vidole viwili, na kukiweka pembeni kwa uangalifu wa fundi. Shuka lilikuwa tupu. Alilalamika kwamba mtu amemwaga nyuzi nyeusi juu ya kanzu nyeupe za watu. Baadaye akaona sisimizi wakipanda ukutani, kila mmoja kabeba kifungo, akaanza kuwapigia kelele wamrudishie. Muhiba aliutazama ukuta huo kwa makini, kwa heshima ya ndugu yake, kisha akatoka nje na kukaa chini uani.

Hapo ndipo alipoingia Bi Nurto, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na kitezo cha ubani na jibu la kila jambo. Alimtazama Mahmud kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

"Huyu ana jini," akasema. "Anataka ngoma."

"Basi apigiwe."

"Muhiba, ngoma ya pepo Ramadhani? Umesikia wapi? Mwahidi tu jini wake kwamba atapigiwa Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Jini akiahidiwa hutulia. Na usimpe hata tone la maji mchana. Jini anachotaka ni kumfunguza tu."

Wanawake watatu waliokuwa mlangoni wakaafiki. Muhiba alimtazama ndugu yake, midomo imepasuka kwa kiu, anaokota. Mfungo Mosi ulikuwa mbali siku ishirini na saba.

"Lakini Bi Nurto," akasema, "Ramadhani mashetani si hufungwa minyororo?"

"Mashetani, ndiyo. Jini ni kitu kingine."

"Kingine kivipi?"

Bi Nurto alipuliza ubani wake. Alisema mambo hayo hayafai kuchokonolewa, na kwamba kuuliza kwingi kunampa jini nguvu. Muhiba alijitanda buibui, akamwomba Phelister amtazame mgonjwa, akaenda chuoni kwa Mwalimu Aweys.

Mwalimu Aweys hakuwa mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka thelathini, tena ana mafua tangu mvua ianze, na saumu ilikuwa imempunguzia subira. Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti moja nyuma yake. Muhiba alisimama nje ya mlango, akauliza kwa adabu.

"Mwalimu, ni kweli mwezi huu mashetani yamefungwa?"

"Tumeambiwa hivyo. Yamefungwa."

"Yote?"

"Bi Muhiba, mimi sikuyahesabu."

"Sawa, Mwalimu. Ndugu yangu anaona sisimizi wanabeba vifungo, na jana alianguka akapiga miguu. Bi Nurto anasema ni jini. Sasa kama yamefungwa, haya ya Mahmud yametoka wapi?"

Mwalimu Aweys alipangusa pua. Watoto walipunguza sauti wapate kusikia.

"Kama ni hivyo," akasema mwishowe, "hayo si mashetani. Tafuta daktari."

Muhiba alirudi nyumbani anakaribia kukimbia, matope yakimrukia buibui. Daktari hakuwa naye, lakini chumba cha tatu alikuwa na Gordon Opiyo, mume wa Phelister, dresa katika hospitali kubwa ya serikali, wale wanaofunga vidonda na kumshikia daktari vyombo. Gordon alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka kazini. Hakuwa hata amevua koti. Phelister alikuwa amekwisha kumvuta mpaka kwa mgonjwa, naye alikuwa amemshika Mahmud mkono, anautazama unavyoruka.

"Mama, huyu mtu mara ya mwisho amekunywa lini?"

"Leo siku ya tatu."

"Hii kitu mimi nimeona wodini," Gordon akasema. "Walevi wakubwa wakiletwa na polisi, wakikaa bila kinywaji, siku ya pili wanaanguka, siku ya tatu wanaona mambo. Lakini ni wale hawajawahi kuacha. Yeye ameacha acha mbele ya hapo?"

"Kila mwaka," Muhiba akasema, na alilisema kwa fahari kidogo. "Kila Ramadhani haonji mwezi mzima. Miaka kumi na moja sasa. Wala hajawahi kuwa hivi."

Gordon aliuachia mkono wa Mahmud, akakuna kichwa.

"Basi hapo sielewi. Mtu anaacha mwezi mzima kila mwaka, na haimshiki, halafu mwaka huu imshike? Labda ni malaria imepanda kichwa. Kama ni malaria, naweza pata tembe kesho asubuhi, tuanze hapa hapa nyumbani. Kama ni pombe, tembe haimsaidii, na kesho ni mbali."

Muhiba alibaki amesimama katikati ya chumba. Mvua ilipiga madebe ya paa. Sasa ndipo yale maneno ya Mahmud yaliporudi. Mchana na usiku. Mtu anayefunga Ramadhani huacha vitu vyote mchana, hilo halina haja ya kuahidiwa. Kwa nini basi Mahmud aliutaja usiku? Kwani usiku, miaka hiyo kumi na moja, alikuwa wapi?

Alimkuta Jumbe kwenye kibanda chake cha makaa, anayafunika magunia kwa turubai. Jumbe alimwona na uso ukambadilika.

"Jumbe, Ramadhani, baada ya futari, Mahmud huenda wapi?"

"Tarawehe, dada."

"Na wewe huwa naye?"

"Naam."

"Mwaka jana, usiku wa kwanza, imamu alianza na sura gani?"

Jumbe alivuta turubai ambalo lilikuwa limekwisha kuvutika. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye wake wawili, na alisimama hapo mikono myeusi kwa makaa kama mtoto aliyeshindwa kusoma ubao.

"Jumbe," Muhiba akasema, "Mahmud anakufa."

Ndipo Jumbe akasema. Kulikuwa na mama mmoja kule mtoni anayepika chang'aa. Walikwenda kwake kila usiku wakati wenzao wanaswali, wakanywa, wakatafuna karafuu, wakarudi nyumbani polepole. Mahmud aliweka chini ya mto wa kitandani kichupa cha kumfikisha daku. Mchana akafunga kama watu.

"Hamkuruka hata usiku mmoja?"

"Hata mmoja."

"Usiku wa ishirini na saba?"

"Huo tuliondoka kwake mapema, dada," Jumbe akasema kwa sauti ndogo.

Muhiba alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Aliwahi kumsifia ndugu yake kwa majirani kwamba hata akiwa mlevi, Ramadhani hakosi msikiti. Baada ya aibu ikaja hasira, angeweza kumpiga Jumbe kwa gunia la makaa. Na baada ya hasira, Mungu amsamehe, ikaja furaha kidogo, kwa sababu sasa mambo yalikuwa yamekubali kukaa pamoja. Mahmud hakuwahi kuacha. Mwaka huu ndiyo mara yake ya kwanza.

"Leta mkokoteni," akamwambia Jumbe.

Gordon alipopewa habari hakushangaa wala hakucheka. Alikwenda kuvaa koti lake tena. Muhiba alimfuata mpaka mlangoni mwa chumba cha tatu, maana hata kifo kikiwa mlangoni alikuwa hawezi kujizuia.

"Kwa hiyo ni pombe iliyokuwa ikimtuliza?"

"Ndio ilikuwa inamtuliza, na ndio ilikuwa inamharibu. Zote mbili. Miaka kumi na moja mwili haujakosa hata siku moja. Umezoea kufanya kazi na hiyo mzigo juu. Sasa ameitoa yote kwa mara moja, mwili umepaa."

"Na tukimwacha hivi hivi mpaka Idi?"

"Idi hafiki, Mama. Hata Ijumaa hafiki."

"Basi nimpe kidogo atulie? Jumbe anajua inapopatikana."

Lilikuwa swali la kweli, naye aliliuliza akiwa amefunga, mwanamke ambaye hajawahi hata kuishika chupa ya pombe. Gordon alifikiri kabla ya kumjibu. Alisema hospitalini wanayo dawa ya kumlaza na kumshusha polepole, na hiyo ni salama kuliko chang'aa ya mtoni ambayo hakuna anayejua imepikwa na nini. Twende, akasema, na tumpatie maji njiani.

Maji ndiyo yaliyokuwa kazi. Walimlaza Mahmud mkokotenini juu ya magunia, wakamfunika turubai, Jumbe mbele anavuta, Gordon nyuma anasukuma, Muhiba ubavuni na birika. Kila alipomsogezea, Mahmud alikaza meno. Alikuwa hajui ni siku gani, hajui Jumbe ni nani, lakini alijua amefunga. Miaka yote alifunga kwa kudanganya na hakuna aliyemzuia. Mwaka huu amefunga kwa kweli, na dada yake mwenyewe anamfunguza. Muhiba alilia akitembea.

Walipofika kwenye lami, Mwalimu Aweys aliwakuta, mwavuli mkononi, kofia imelowa. Alikuwa anakuja nyumbani kumwona mgonjwa. Alitazama turubai, akatazama birika, akaelewa.

"Mahmud. Kunywa maji."

"Nimefunga, Mwalimu."

"Mgonjwa hafungi. Siku zako utazilipa ukipona. Ukifa na kiu kwa ukaidi wako nitakwenda kusema nini mimi?" Akapiga chafya. "Kunywa."

Mahmud akanywa. Alikunywa birika zima, machozi yakimtoka, huku Mwalimu akimfunika kwa mwavuli na yeye mwenyewe akilowa.

Hospitalini aliwapokea daktari wa Kihindi, mtu wa haraka, aliyeandika bila kuinua kichwa. Aliuliza mgonjwa anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Gordon alimgeukia Muhiba. Mwalimu Aweys, aliyefuatana nao, alikuwa amesimama pale pale, mwavuli unadondosha maji. Ilikuwa rahisi kusema kidogo, au kusema sijui, na Muhiba angeweza kuitunza heshima ya ndugu yake, naye Mahmud akazikwa nayo.

"Kila siku, daktari," akasema. "Chang'aa. Mchana na usiku kwa miaka kumi na moja. Na Ramadhani kila usiku, wakati watu wako tarawehe."

Kalamu ya daktari ilisimama. Mwalimu Aweys alishughulika sana na kufunga mwavuli wake.

"Nilikuwa simwoni," akasema baadaye, walipokuwa nje kwenye benchi. "Nilidhani anaswali msikiti mwingine."

Mahmud alichomwa sindano, akaning'iniziwa chupa ya maji ya sukari na chumvi yaliyomwingia mkononi tone kwa tone, akanyweshwa dawa iliyonuka wodi nzima. Muhiba alipata ruhusa ya kumwona kila alasiri, na kila alasiri manesi walijificha. Alitaka kujua tone moja linachukua muda gani kufika moyoni. Alitaka kujua kwa nini asipewe sukari kwa kijiko. Nesi mmoja, mama wa makamo, alikubali kumjibu, na kwa bahati mbaya yake akajulikana hivyo. Mahmud alilala siku nzima na nusu. Siku ya tano aliokota uzi mmoja, akautazama, akauacha. Siku ya sita aliuliza saa ngapi na kama kuna chapati.

Jioni hiyo Muhiba alirudi nyumbani na Gordon kwa miguu, moyo mweupe, anapanga atakavyomtolea sadaka.

"Kapona," akasema.

"Hapana, Mama. Bado."

"Si anakula? Si nyuzi zimekwisha?"

"Ameoshwa tu. Pombe imetoka mwilini. Hiyo ndiyo mwanzo, na ndiyo ya haraka, ni kama wiki. Ile ya kichwani haijaguswa. Akitoka hapa atapita pale pale alipokuwa anapita, na rafiki zake ni wale wale. Wengi wao mwezi haujaisha nawaona tena kitandani."

Muhiba alitembea hatua kadhaa bila kusema, jambo ambalo Gordon hakuwahi kuliona.

"Na wale wasiorudi," akauliza, "huwa wanafanya nini?"

Gordon alisimama. Alikuwa amefanya kazi hospitalini miaka tisa.

"Sijui," akasema. "Wale hawarudi, mimi siwaoni."

Jibu hilo lilimkosesha Muhiba usingizi kuliko jambo la sisimizi. Kumbe pale ambapo elimu ya hospitali inaishia ndipo ndugu yake alipotakiwa kuanza kutembea, na mbele yake hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Gordon alimpa ushauri mmoja tu, kwamba asimfungie mlango, kwa kuwa mtu anayetaka kutoka hutoka hata kwa dirisha.

Mahmud alirudi nyumbani Ramadhani ikiwa katikati, amekonda, kanzu inampwaya. Daktari alikataza asifunge. Kwa hiyo kila adhuhuri, mtaa mzima umefunga, fundi Mahmud alikula uji wa mtama na yai. Alikula chumbani, shuka mlangoni, kijiko akikishusha taratibu kisigonge bakuli. Watu walijua. Bi Nurto alipita akanusa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba jini kashinda. Muhiba alitoka akamwuliza ni jini yupi anayependa uji wa mtama, akasubiri jibu mpaka Bi Nurto akakumbuka maji yake jikoni.

Kanzu za Idi zilikwenda kwa mafundi wengine mwaka huo. Mahmud alishona mbili tu, ya Mwalimu Aweys na ya Gordon, ambaye hakuwa Mwislamu na alishangaa sana kupewa.

Kisha Idi ikafika. Mahmud aliswali pamoja na wanaume, akarudi, akakaa barazani na kofia yake. Muhiba alikuwa amepika pilau tangu alfajiri. Alisikia sauti ya Jumbe nje, ya furaha, isiyo na hila. Idi njema, fundi, twende tukatembee. Alisikia kiti kikisogezwa. Alitoka na sinia mkononi, akamkuta ndugu yake amesimama, tayari ameshuka ngazi moja ya baraza.

Kwa miaka kumi na moja Muhiba alikuwa na swali moja kwa Mahmud. Umekunywa? Na miaka yote kumi na moja jibu lilikuwa sijanywa, nalo lilikuwa uongo, na wote wawili walijua. Sasa alilitafuta swali hilo akaona halifai kitu. Aliliweka sinia chini.

"Mahmud. Unataka?"

Jumbe alitazama pembeni. Mahmud uso ulimwiva.

"Nataka," akasema. "Tangu alfajiri nataka. Hata kwenye takbiri nilikuwa nataka."

Muhiba alikuwa hajawahi kupewa jibu la kweli na mtu huyu, na sasa alipolipata hakujua alishike vipi.

"Basi mimi nifanyeje?"

"Sijui, Dada." Mahmud alipanda tena ile ngazi, akakaa kwenye kiti chake, akaivua kofia na kuiweka gotini. "Niulize tena baadaye."

Jumbe alisimama kidogo, akaaga, akaenda peke yake. Muhiba alivuta kigoda, akakaa kando ya cherehani. Wageni walikuja na kuondoka. Alimwuliza baada ya adhuhuri, akasema anataka. Alimwuliza alasiri, akasema anataka, kwa ukali, akaomba radhi. Alimwuliza jua likizama, Phelister akiwa anapita na maji, na akasema anataka, na kwamba sasa ni zaidi ya asubuhi, mikono ameikalia. Bado alikuwa kwenye kiti.

Baada ya magharibi alimwuliza tena.

"Nataka," Mahmud akasema. "Lakini pilau imebaki?"